Aliyelima Shamba la Mama Limi

Haya si ya kuambiwa. Niliyaona mwenyewe kwa macho haya, mchana kweupe, jua likiwa utosini, na sikuwa na homa wala sikuwa nimelewa. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, ningelewa nini? Wako watakaosema bibi amezeeka, anachanganya ndoto na kweli. Waache waseme. Wengi waliosema hivyo nimeshawazika, na kisa changu kiko palepale, hakijaongezeka neno wala kupungua.

Kama umezoea visa vya bundi na usiku wa manane, visahau kidogo. Hapa hakuna bundi. Kuna jembe, shamba la viazi, na watoto wawili waliotaka baba yao arudi nyumbani.

Kwetu ni Samuye, nje ya mji wa Shinyanga. Miaka ile ya hamsini mwanzoni, wanaume wengi wa kwetu walikwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Alifikia kwa dada yake, shangazi yetu, aliyeolewa huko zamani na kufiwa na mume huko huko. Watu walimwita Mama Limi. Limi mwenyewe, mtoto wake wa pekee, alikufa akiwa mdogo, lakini jina lilibaki kwa mama.

Baba alikaa huko miaka miwili. Kisha likaja neno, tena kwa mdomo wa mtu aliyekuwa anapita tu, kwamba mwamba umemwangukia shimoni na ameshazikwa. Shangazi ndiye aliyemwosha, shangazi ndiye aliyemzika, nyuma ya nyumba yake. Sisi nyumbani tulinyolewa vichwa, tukalia, tukakaa matanga bila kaburi. Unajua ilivyo kumlilia mtu bila kuona hata udongo uliomfunika? Machozi yanatoka lakini moyo haukubali. Mama yangu aliendelea kumwekea baba chakula pembeni kwa miezi, halafu anakila mwenyewe kimyakimya asubuhi.

Na watu hawakosi la kusema. Walianza kunong'ona kisimani. Nani aliiona maiti? Si yule dada yake tu? Mwanamke mpweke, hana mume, hana mtoto, na ghafla amekufiwa na mwanamume mwenye nguvu za kulima. Hawakumaliza sentensi. Kwetu sentensi kama hiyo haina haja ya kumalizwa.

Kwa kuwa wewe huenda si wa kwetu, nikueleze. Msukule ni mtu aliyechukuliwa kwa uchawi. Ninyi mnadhani amekufa, mnalia, mnazika, kumbe mliyemzika ni mgomba tu uliofanywa uonekane mtu. Mwenyewe amefichwa mahali analimishwa mashamba ya mchawi wake. Na kila mtoto wa Shinyanga, hata anayenyonya, alijua alama ya msukule: hasemi. Ulimi wake umekatwa. Atakutazama, atalima, lakini neno hatoi. Hilo lishike vizuri, maana kisa changu chote kimeegemea hapo.

Likizo ya Pasaka ya mwaka uliofuata mama alitutuma, mimi na kaka yangu Mabula, twende Geita tukamsalimie shangazi na kumwaga maji ya unga wa mtama kwenye kaburi la baba, kama watoto wanavyopaswa. Mabula alikuwa na miaka kumi na mitano, anasoma shule ya kati ya bweni, anajua Kiingereza kidogo na anajiona mzee. Mama alitufungia unga kwenye kitambaa cheupe. Akatuambia, "Mumheshimu shangazi yenu. Baba yenu hakuwa na ndugu mwingine wa tumbo moja." Nakumbuka alimwangalia zaidi Mabula alipolisema hilo.

Tulipanda garimoshi Shinyanga hadi Mwanza, daraja la tatu, tukavuka maji kwa pantoni, kisha tukapewa lifti na lori la Mhindi lililokuwa linapeleka sembe na chumvi kwenye duka lake la Geita. Tuliketi juu ya magunia. Tulipokaribia tuliona vilima vitupu, visiki mpaka upeo wa macho, maana miti yote ilikuwa imekatwa ikashikilie mapaa ya mashimo ya mgodi. Kaka akaniuliza, "Hivi unaamini baba amekufa?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Mimi siamini." Basi.

Shangazi alitupokea kwa kilio na vigelegele pamoja. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mikono migumu, na macho mekundu sana. Niamini, macho yale yaliniogopesha siku ya kwanza. Siku ya pili nikaona sababu yake kwa macho yangu mwenyewe: kuni hazikuwapo, kwa hiyo alipikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake unakwangua macho. Nusu ya wanawake wazee wa kijiji kile walikuwa na macho hayohayo. Lakini wale wengine walikuwa na waume na watoto, na mtu mwenye watu wake macho yake hayahesabiwi.

Mimi nina jina la bibi yangu, mama yao baba na shangazi. Kwa hiyo baba alizoea kuniita "mayu", yaani mama kwa Kisukuma, na shangazi naye akaniita hivyo hivyo tangu mlangoni. "Karibu, mayu. Keti, mayu. Umechoka, mayu?" Mwanamke mzima ananiita mimi mama yake! Nilicheka, na nilimpenda. Lazima niliseme hilo wazi, nilimpenda.

Kesho yake alitupeleka kaburini. Lilikuwa nyuma ya nyumba, limezungushiwa mawe, limefagiwa. Tulimwaga maji ya unga, tukamwambia baba kwamba watoto wake tumefika. Shangazi akatuambia alimzika na shati lake la kaki, lile lenye kiraka cha bluu begani alichokishona mama, na jembe lake akamlaza nalo ubavuni. "Alinunua jembe jipya anilimie matuta ya viazi siku yake ya mapumziko," akasema. "Siku hiyo haikufika."

Sasa sikia. Shamba lake la viazi lilianzia nyuma ya kaburi na kuteremka mpaka bondeni. Lilikuwa kubwa, matuta yamenyooka, marefu, udongo umegeuzwa juzi tu. Mabula aliyatazama muda mrefu. Alikuwa mtoto wa mkulima, alijua kazi ile ni ya mikono ya aina gani.

"Shangazi, nani anakulimia?"

Shangazi akainama kuokota mawe ambayo hayakuwa na haja ya kuokotwa. "Nasaidiwa," akasema.

"Na nani?"

"Mwanangu, nasaidiwa tu." Kisha akatugeukia, akasema jambo ambalo laiti asingelisema. "Jua likifika utosini msiende shambani. Mkae ndani na mimi. Hilo tu nawaomba."

Nilipokwenda kisimani jioni ile, mama mmoja aliyekuwa anachota aliniuliza ni mtoto wa nani. Nilipomtajia jina la baba, alinitazama kwa huruma, akanong'ona, "Uwe mwangalifu na anachokupikia, mwanangu." Akajitwika mtungi akaenda zake. Nilimweleza Mabula. Nilidhani ataogopa. Uso wake ukafunguka, kama mtu aliyeletewa barua aliyoisubiri.

Siku ya nne shangazi alikwenda kuuza mayai kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, akachelewa. Mabula alikuwa amelala. Mimi nilikumbuka nimeuacha ungo tuta la chini, nilipokuwa nachuma majani ya viazi asubuhi. Jua lilikuwa utosini. Nililikumbuka katazo, sikulisahau, lakini mtoto anayeogopa kufokewa kwa ungo haogopi kitu kingine. Nikaenda.

Kabla sijaona kitu nilisikia. Baba yangu alikuwa mashoto, na alikuwa na namna yake ya kulima. Akishavuta udongo aligonga bapa la jembe juu ya tuta mara mbili, kuukung'uta. Pa-pa. Sijamsikia mtu mwingine akilima hivyo, wala mashoto mwenzake. Nilikua na sauti ile. Basi nilisikia pa-pa, nikasimama.

Alikuwa amenipa mgongo. Shati la kaki. Kiraka cha bluu. Alilima polepole, hatoki jasho, na kila alipopita tuta lilibaki limesimama vizuri nyuma yake. Ungefanya nini wewe? Ungekimbia? Mimi nilifanya nilichofundishwa. Nilipiga magoti kwenye udongo, nikasalimu salamu ya mchana.

"Mwadila, baba."

Akaacha kulima. Akageuka. Alikuwa baba, sina la kuongeza. Alikuwa amekonda kidogo na amechoka.

"Mwadila, mayu," akasema.

Alisema. Umesikia? Alisema, kwa sauti yake ileile ya koo, kama alivyonisalimu miaka yote. Na hakuishia hapo. "Usiogope. Hakuna aliyeniita, nimekuja mwenyewe. Nilimwahidi dada yangu matuta haya, nikamwacha nayo peke yake. Waambie hivyo. Ukirudi nyumbani waambie, nimekuja mwenyewe."

Nikaitikia, "Ndiyo, baba." Nilipoinua kichwa hakuwepo. Nisikudanganye kwamba aliyeyuka au alipaa. Nilifumba macho kwa sababu ya jua, nikayafumbua, na kulikuwa na tuta jipya na ungo wangu umewekwa juu yake.

Nilikimbia nikamwamsha Mabula. Nikamwambia, huku nahema, "Nimemwona baba! Yuko shambani analima!" Nilikuwa bado nina maneno mdomoni, yale niliyoagizwa, lakini kaka yangu hakusubiri. Alinishika mabega, akasema, "Basi yuko hai! Nilijua! Amemfanya msukule, lakini yuko hai, tutamrudisha!" Akanikumbatia, akalia. Mabula hakulia msibani. Hakulia tuliponyolewa. Siku ile alilia kwa furaha mpaka akakaa chini.

Nawe niambie, ningemaliza vipi sentensi yangu? Kama baba amesema, basi si msukule. Kama si msukule, basi amekufa kweli, na niliyemwona ni mzimu wake. Neno moja langu lingemuua baba mara ya pili, mbele ya kaka yangu anayelia kwa furaha. Na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilianza kutaka iwe hivyo alivyosema Mabula. Nilianza kujiambia labda sikusikia vizuri. Labda ni upepo. Mtoto wa miaka kumi anaweza kujishawishi jambo lolote kwa muda wa kufumba na kufumbua.

Mabula alikwenda moja kwa moja kwa mwanangwa, ndivyo tulivyomwita mkuu wa kijiji aliyekuwa chini ya mtemi. Alasiri ile ile tuliitwa uani kwake. Wanaume walikaa kwenye vigoda, wanawake wamesimama pembeni, na shangazi yangu katikati, kapu lake la mayai bado mkononi. Hawakumpa hata nafasi ya kulitua.

Mwanangwa hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza taratibu. Ulimwona nani? Nikasema baba. Alivaa nini? Nikaeleza shati na kiraka. Wanawake wakaguna. Alikuwa anafanya nini? Analima. Shamba la nani? La shangazi. Kila jibu lilikuwa la kweli, na kila jibu lilimsogeza shangazi karibu na shimo. Kisha mwanangwa akauliza swali la mwisho.

"Alisema neno?"

Mabula alikuwa ananitazama, macho yamejaa baba. Lakini aliyetangulia kusema alikuwa shangazi. Alinitazama kwa macho yale mekundu, na kumbe alikuwa anajua. Alikuwa anasalimiana na ndugu yake kila mchana, na asingeweza kulisema yeye mwenyewe, maana nani angemwamini? Angeaminiwa mtoto.

"Mayu," akasema polepole, "hakukusemesha?"

Nikasema, "Hakusema."

Ndilo neno hilo. Nimezaa watoto saba, nimezika mume, lakini nikiulizwa ni jambo gani kubwa nililowahi kufanya duniani, ni neno hilo moja.

Shangazi hakujitetea baada ya hapo. Alilitua kapu chini, akakaa kando yake. Walimuuliza amemficha wapi. Akasema, "Yuko kaburini nilikomzika." Wakamcheka.

Hawakumpiga. Watu wakisikia kisa hiki hudhani alipigwa, lakini walitumia adhabu ya zamani. Mwanangwa alitangaza kwamba mpaka atakapomtoa aliyemficha, asipewe moto, asipewe maji, asisalimiwe, wala salamu yake isiitikiwe. Vijana wawili wakaenda kumwaga maji kwenye mafiga yake mpaka kaa la mwisho likazima. Siku hizo kiberiti kilikuwa kitu cha watu wa mgodini na wenye maduka. Sisi wengine tulikuwa tunaomba moto kwa jirani. Kijiji kikikunyima moto na salamu, kimekuambia uondoke, hata kama hakikulitamka.

Mimi na Mabula tulihamishiwa nyumbani kwa mwanangwa. Siku mbili wanaume walijificha kando ya shamba, jua likiwa utosini, na kamba na marungu, wamkamate baba wamrudishe. Mabula alikuwa mbele yao. Hakutokea mtu. Hakuna jembe lililosikika.

Asubuhi ya siku ya tatu nilikuwa nafagia uani kwa mwanangwa. Nikamwona shangazi anakuja na njia, chungu kichwani, kifurushi mkononi. Alikuwa anahama. Alipofika mbele yangu akasimama, akanisalimu salamu ya asubuhi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vile hakuna kilichotokea.

"Mwangaluka, mayu."

Nilikuwa nimekatazwa kuitikia. Lakini usinipe nafuu kwa hilo, hakuna aliyekuwa karibu wa kunisikia. Niliona haya, ndiyo kweli yake. Niliinamisha kichwa, nikaendelea kufagia mahali nilipokwisha kufagia. Yeye akasubiri. Kwetu ukimsalimu mtu huondoki mpaka aitikie, ndiyo adabu. Alisimama pale na chungu kichwani, akasubiri sana. Kisha nikaisikia miguu yake ikiondoka. Alishika njia ya magharibi, ya kuelekea Chato. Nilipoinua uso alikuwa ameshapita visiki.

Mchana wake Mabula alimwomba mwanangwa kaburi lifukuliwe. Alikuwa amesikia kwamba ukiutoa mgomba uliozikwa, mtu wako hufunguka, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Wazee walisitasita, lakini nao walitaka kuuona mgomba ule, wapate kuwa na hakika ya walichokitenda. Wakachimba.

Watoto tulikatazwa kusogea. Mimi nilisogea. Nilifika Mabula akiwa amepiga magoti ukingoni, makoleo ya wanaume yamelala. Hapakuwa na mgomba. Baba yangu alikuwa ndani ya kaburi lake, mifupa yake, ndani ya shati la kaki, na kiraka cha bluu alichokishona mama kilikuwa bado kinaonekana begani. Shangazi alikuwa amesema kweli. Baba alikuwa hapo siku zote.

Na ubavuni, upande wa mkono wa kushoto, lilikuwa limelala jembe. Sikiliza hapa, maana wengi wakifika hapa ndipo hunibishia. Jembe lililofukiwa ardhini mwaka na zaidi, masika mawili yamelinyeshea, linakuwaje? Linaliwa na kutu, si ndiyo? Jembe lile lilikuwa linang'aa. Makali yake yalikuwa meupe, yamelika mpaka karibu robo, kama ya jembe linalotumika kila siku ya Mungu. Mwanangwa alilichukua, akaligeuza, akaliona, akalirudisha haraka. Wakafukia kaburi.

Mabula akageuka, akaniona. Alikuwa kijana mwenye akili. Alilitazama shamba, akalitazama kaburi, akanitazama mimi.

"Hakusema?" akaniuliza.

"Alisema," nikajibu. Nikamwambia yote, neno kwa neno, kama nilivyokuambia wewe. Hakunipiga wala hakunifokea. Alinyanyuka, akakimbia njia ya magharibi kama alivyo, pekupeku, akiita "Shangazi! Shangazi!" Mwanangwa akawatuma vijana wamfuate kusaidia. Walirudi naye siku ya pili yake, miguu imevimba. Walikuwa wamefika mbali na kuuliza kila nyumba. Wengine waliwaambia wamemwona mwanamke mfupi mwenye chungu, aliyewasalimu akapita. Walipozidi kwenda mbele hawakumpata tena hata mtu aliyemwona.

Hakuonekana kamwe. Mabula aliacha shule mwaka uliofuata. Watu walidhani ni karo, lakini ilikuwa ni shangazi. Alifanya kazi kwenye malori ili apate kuzunguka, na kila alipofika, Kahama, Biharamulo, Chato, kando ya ziwa kwa wavuvi, aliuliza habari za Mama Limi mwenye macho mekundu. Aliuliza mpaka nywele zikawa nyeupe. Hakuwahi kunilaumu, hata mara moja, na hilo liliniuma zaidi. Alipokuwa anakufa nilimshika mkono nikamwomba msamaha. Akasema, "Mimi ndiye niliyekukatiza, mdogo wangu. Hukuwa umemaliza." Tangu siku ile ya kaburini, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza na ya mwisho juu ya jambo lile.

Shamba lile liliota magugu mwaka huohuo. Nilisikia hakuna mtu aliyethubutu kulilima, na jembe halikusikika tena. Baba alikuwa na ahadi na dada yake, na dada yake tulimfukuza.

Sasa mimi ndiye bibi. Mume wangu amekufa, watoto wamesambaa mijini. Kuni zimekuwa shida hata huku Samuye, kwa hiyo napikia mavi ya ng'ombe, na asubuhi nikijitazama kwenye kioo naona macho ya Mama Limi yananitazama. Watoto wa njiani wakiniona hunyamaza. Ndiyo maana nawasalimu wote, mkubwa na mdogo, na anayenisalimu hawezi kupita kwangu bila kuitikiwa, hata niwe naumwa.

Kwa hiyo nakuonya wewe. Ukiona jambo usilolielewa, tulia ulisikilize mpaka mwisho. Na ukilisimulia, lisimulie lote, hata ile sehemu inayokuvunja moyo, maana nusu ya kweli ndiyo iliyomfukuza shangazi yangu. Na kama kijijini kwako yuko mwanamke mzee, mpweke, mwenye macho mekundu, kabla hujanong'ona kisimani, nenda kwanza ukaone anapikia nini.

Likizo hii mjukuu wangu amekuja kunitembelea na mdogo wake. Mimi mgongo umepinda, jembe sijalishika mwaka wa tatu huu. Juzi alirudi kutoka nyuma ya nyumba, akasimama mlangoni, akaniuliza, "Bibi, matuta yako ni mazuri. Nani anakulimia?"

Mchana jua likifika utosini nasikia kule nyuma, pa-pa, na sijathubutu kwenda kutazama ni nani, maana mlio ni wa baba, lakini nikimkuta ni shangazi na akinisalimu, sijui nitaitikia kwa mdomo gani. Nimewaambia watoto wakae ndani na mimi saa hizo. Na nimewaambia, kama watakwenda, kwa kuwa watoto huenda tu, wapige magoti, wasalimu, na wanirudishie kila neno watakaloambiwa.